Uso wa Kwenye Kadi

Mchanga wa Rumonge unaunguza kutoka chini, jua linamalizia kutoka juu. Miaka ya vita nilikuwa naanika ndagala, dagaa wa ziwani, pale ufukweni, na mashavu yangu yakaota madoa meusi. Watu walikuwa wanakufa huko milimani, mimi nahangaikia mashavu. Ndivyo nilivyokuwa.

Mwenzangu wa biashara, mama mmoja aliyehamia kutoka Uvira, alinichanganyia krimu tatu kwenye kifuniko cha kopo. Alinionya nisikae nayo juani. Sasa ndagala zingekauka kivulini? Madoa yaliondoka, kisha ngozi ikaondoka nayo. Muuguzi wa zahanati akaniambia niache kabisa, maana ngozi nyeusi ikiungua hurudi na doa kubwa kuliko la kwanza. Niliacha, lakini uso ulikuwa umeshakuwa mwekundu, si wangu tena. Vifundo vya vidole tu ndivyo vilivyobaki vyeusi. Hivyo krimu haiviwezi.

Habari ikaja kwamba mama yangu anaumwa sana, kule Kabonga. Nikapanda gari pamoja na yule mwenzangu. Kwenye kizuizi cha Kigwena askari alichukua kadi yangu, akatazama picha, akanitazama mimi.

"Huyu si wewe. Kaa kule."

Kule kwenye majani walikuwa wamekaa watu wengine. Sote tulijua kwamba wanaokalishwa pale mara nyingi hawafiki wanakokwenda. Nikakaa. Niliingoja hofu, haikuja. Niliwaza tu kwamba mama atakufa ananisubiri.

Mwenzangu akashuka garini, akaninyanyua mikono yote miwili mbele ya askari.

"Shefu, angalia vidole yake. Hii iko mukorogo tu. Ni mimi nilimupakaa."

Askari akacheka. "Hata dada yangu iko vile. Pita."

Wale wengine hawakuwa na cha kuonyesha. Nilipanda gari, sikugeuka nyuma, na moyoni sikusikia kitu.

Mama nilimkuta kwenye mkeka, homa imempanda. Aliponiona mlangoni alijikaza akaketi, akavuta kitenge kufunika miguu, vile tunavyofanya mgeni akiingia, akanisalimu.

"Amahoro, mama. Karibu. Unatoka Rumonge? Binti yangu umemuacha muzima?"

Nilikaa karibu naye, nikamshika mkono.

"Iko muzima," nikamjibu.