Haibridi Iliyonyamaza

Mimi ni fundi wa magari hapa Changamwe, na nayasifu masikio yangu kuliko spana zangu. Dada yangu Kadzo alipotaka kununua gari la haibridi lililotumika, lile la petroli na umeme, nilijitwika ukaguzi kwenye yadi ya magari. Niliangalia kutu chini, nikachungulia vumbi kwenye tundu la hewa la betri kubwa, kando ya kiti cha nyuma. Wanunuzi wengine wakasogea kunitazama.

“Washa, mama,” nikamwambia muuzaji aliyeketi kwenye usukani.

Akabonyeza kitufe. Kimya.

“Betri imekufa!” nikatangaza, nikiegemea boneti kwa kiwiko, kwa madaha. “Kadzo, twende zetu. Mimi sidanganywi.”

“Fundi, limewaka kitambo,” muuzaji akajibu kwa upole.

“Basi lirudishe nyuma tuone!”

Likarudi bila mlio wowote, nami nikaanguka kifudifudi miguuni pa dada yangu.