Pasaka Niliyochemsha Mayai ya Bibi Kabula

Safari hii ilianza na aibu ya Krismasi. Desemba iliyopita mapacha wa dada yangu Ester, Kulwa na Dotto, wenye miaka minane, walipelekwa Mwamapalala kwa bibi yao mzaa baba wakae wiki nzima. Walilala siku moja tu. Hawakutaka choo cha shimo, hawakutaka popo wa darini, hawakutaka maziwa yenye harufu ya moshi. Walilia mpaka baba yao akawarudisha Bariadi kesho yake asubuhi. Bibi Kabula hakulalamika. Alimwambia dada kwenye simu, "Waache, mwanangu. Watoto wa mjini siwawezi." Tangu siku hiyo hakuomba tena waletwe.

Shule zilipofungwa kwa likizo fupi ya Pasaka, dada, ambaye ni muuguzi, alipangiwa zamu sikukuu yote. Shemeji ni dereva wa lori, naye alikuwa njiani kwenda Tunduma. Nikabaki mimi. Nina shahada ya mipango na usimamizi wa miradi, na ni mwaka wa pili sasa nasubiri kazi nikiwa kwenye kochi la dada.

"Si umesomea mipango?" dada aliniambia huku akifunga viatu vya kazini. "Basi panga. Wakae mpaka Jumanne, na wakirudi wawe wanataka kwenda tena. Wakilia na safari hii, yule mama hatawaomba tena maisha yake yote."

Nilipanga kwa siku tatu. Nilisoma kwenye simu kila nilichokiona kuhusu michezo ya watoto wakati wa Pasaka, nikaandika ratiba kwenye daftari, kila jambo na saa yake, na pembeni nikaandika tufanye nini mvua ikinyesha. Nilinunua biskuti, maputo, ubuyu, kamba ya kuruka na rangi za maji. Nilibeba dawa ya kuharisha, ya homa, na ya kuumwa na wadudu. Jambo kubwa kwenye ratiba lilikuwa la Jumapili saa tisa: kutafuta mayai ya rangi yaliyofichwa. Nilikuwa nimeona picha za watoto wakicheza mchezo huo na wote walikuwa wanacheka. Nililipigia mstari mara mbili.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, tulipanda gari dogo la abiria Bariadi mjini, yale wanayoyaita mchomoko. Barabarani pande zote pamba ilikuwa imefika kiunoni, mahindi yameanza kukauka ndevu, na kwenye majaruba mpunga ulikuwa umeinamisha vichwa. Dotto aliuliza mara nne kama popo bado wapo. Nilimjibu kwamba popo huhama. Kisha nikakaa nikiwaza: na akiwakuta?

Saa nne hivi tulishuka, tukachukua pikipiki mbili. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na udongo mweusi wa huku ukilowa hauachi tairi. Tulipofika bondeni, dereva wangu alizima pikipiki, akaitazama, akasema, "Dada, hapa mguu." Tulitembea. Kila hatua kiatu kiliongezeka uzito. Kulwa alivua vyake, Dotto akamwiga, na mimi niliyekuwa nimeandika "wasitembee peku, minyoo" nikawa wa mwisho kuvua.

Bibi Kabula alitusubiri nje ya uzio wa minyaa, amevaa kitenge kipya ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani. Nilipiga magoti kumsalimu, kwa kuwa pale ni ukweni kwa dada yangu na sikutaka kosa la kwanza liwe langu.

"Mwangaluka, mayu," nilisema. Ndiyo salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na mayu ni mama; nilikuwa nimeikariri tangu Bariadi.

"Mwangaluka, mwanangu. Inuka, utachafua sketi." Aliwatazama mapacha, akasita, kana kwamba anaogopa kuwagusa. "Choo nimekisakafia," alisema. "Na darini tumeziba."

Yule mama naye alikuwa amepanga.

Ijumaa Kuu ilipita kwa utulivu. Tulienda kanisani kigangoni, tukarudi tukala viazi vitamu na karanga mbichi za kuchemsha. Ratiba ilisema saa kumi ni kuruka kamba, lakini kamba ilipotea. Baadaye niliikuta shingoni mwa ndama. Usiku Dotto alilia kidogo. Bibi alikaa kwenye kigoda mlangoni mpaka mtoto akalala. Nilihesabu: usiku wa pili umepita. Rekodi ya Krismasi ilikuwa imevunjwa.

Jumamosi asubuhi Bibi alikwenda na akina mama wenzake kusafisha kanisa. Kabla ya kuondoka alinionyesha bakuli jikoni. "Mayai hayo hapo, mwanangu. Fanya huo mchezo wako."

Yalikuwa matano. Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kazi. Matano hayagawanyiki kwa mapacha. Nikiyamaliza, kesho chai itanywewa na nini? Na ukweni unamaliza mayai ya jikoni? Nikaona heri nitafute mengine mwenyewe, yale ambayo Bibi hajayaona. Nyuma ya ghala, ndani ya tenga kuukuu lenye majani makavu, nikayakuta kumi na mawili. Sita kwa sita. Nilifurahi kama mtu aliyepata barua ya kuitwa kazini.

Yalikuwa machafu, yamechorwachorwa mkaa. Niliyaosha kwa sabuni mpaka yakang'aa, nikayachemsha. Mawili yalielea, nikayakandamiza kwa mwiko. Wakati huo kuku mmoja mwekundu alikuwa akizunguka tenga akilia kwa sauti ya kukwaruza. Nikadhani ana njaa. Nikamrushia mtama, nikawaita watoto waje kupaka rangi. Kulwa alichora samaki, Dotto akachora lori la baba yake. Walicheka, kama kwenye zile picha. Bibi aliporudi alichungulia nyuma ya ghala kwa mbali, akamwona kuku amekaa ndani ya tenga, akaingia zake jikoni.

Jumapili ya Pasaka tulisali, tukarudi, tukala wali na kuku wa mchuzi, na kila mtoto akapata soda yake peke yake. Jirani, Mama Limbu, mwanamke mwenye sauti ya kusikika kijiji cha pili, alikuja na mtindi. Saa tisa kamili nilificha mayai uani: kwenye mizizi ya mpera, chini ya ungo, kwenye kibanda cha mbuzi. Watoto walikimbia wakipiga kelele, Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Nilitamani dada angeona.

Kisha Kulwa akaketi karibu na bibi yake, akamenya la kwake. Ndani hakukuwa na kiini cha njano. Kulikuwa na mishipa myembamba myekundu, na kitu kidogo kilichojikunja, chenye jicho jeusi.

Kulwa alilitupa. Dotto aliangalia, akaanza kulia. Mama Limbu aliinama, akalitazama yai, kisha akanitazama mimi.

"Haya mayai umeyatoa wapi?"

"Kwenye tenga," nilisema. "Nyuma ya ghala."

"Yule kuku alikuwa analalia!"

"Nilidhani ametaga tu."

"Hukuona alama za mkaa?"

"Nilidhani uchafu. Nikaziosha."

"Jamani!" Mama Limbu alipiga makofi. "Huyu si ndiye mwenye digrii? Mipango gani hiyo isiyojua kuku akilalia?"

Bibi Kabula hakucheka. Aliokota yai lenye lori, akaligeuza mkononi. Alisema taratibu, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia, kwamba yale mayai aliyalalisha siku tisa zilizopita. Sita aliyachora mstari mmoja, hayo ya Kulwa. Sita mistari miwili, ya Dotto. Alitaka kila mjukuu awe na kuku wake pale nyumbani, ili wakija wawe wanakuja kwenye mali yao. Alikuwa anasubiri jioni hiyo awapeleke awaonyeshe.

Yeye alikuwa ameshayachora mayai ya Pasaka kabla yangu, na mimi nilikuwa nimeyaosha kwa sabuni.

"Mamdogo, mimi nataka kurudi nyumbani," Dotto alisema kwa kwikwi.

Bibi alisikia. Alinyanyuka, akakung'uta kitenge. "Kesho asubuhi mtawahi gari," alisema. "Msilazimishe watoto."

Jumatatu, alfajiri, nilikunja nguo na kuliweka daftari chini kabisa ya begi. Nilikuwa nimeandaa maneno saba ya kumwambia dada na yote yalikuwa mabaya. Nilipotoka nje nikamkuta Kulwa amechuchumaa mbele ya tenga, na Bibi amesimama nyuma yake. Kuku mwekundu alikuwa amekaa, amejitanua, hatikisiki.

"Bibi, analalia nini?"

"Mawe mawili. Nimemwekea asiache kulalia."

"Hajui kwamba ni mawe?"

"Hajui."

Kulwa alifikiri. "Tumtafutie mengine."

"Mayai ya dukani hayafai. Yanatakiwa ya nyumba yenye jogoo. Tena mabichi, ya siku mbili tatu."

"Nyumba zenye jogoo ziko wapi?"

Bibi alinitazama, kisha akatazama begi langu mlangoni. Nikalirudisha ndani.

Saa mbili tulitoka, na Dotto akiwa nyuma amenuna. Bibi alitandika pamba ya msimu uliopita ndani ya kikapu, akampa Kulwa kamba ya mbele, Dotto ya nyuma, ili kikapu kisiyumbe. "Atakayekimbia, amevunja watoto wa watu," alionya. Njiani aliwafundisha: tukifika mlangoni Kulwa apige goti kwa kuwa ni msichana, Dotto ainame, mseme mwangaluka, na mkipewa mseme wabeja, yaani asante.

Nilitaka kulipia. Bibi akanizuia. "Yai la kulalisha linaombwa, mwanangu. Ukilinunua, umenunua kitoweo." Basi kila aliyetupatia yai tuliwaachia watoto wake biskuti na maputo yangu, na kufika mlango wa tatu tulikuwa na msururu wa watoto wanaotuongoza kwenye viota wanavyovijua. Walitupitisha kwenye majaruba, wakamwonyesha Dotto namna ya kurusha donge la udongo kwa fimbo kufukuza ndege kwenye mpunga. Dotto alirusha, akakosa, akarusha tena. Kununa kuliishia hapo.

Kwa Mama Limbu tulisimama mlangoni nikiwa nimejificha nyuma ya watoto.

"Mwangaluka, mayu!" mapacha walisema kwa pamoja.

"Mwangaluka, wanangu! Mmekuja na yule mpishi?"

"Yupo," Kulwa alinisaliti.

"Nawapa matatu. Lakini mpeni bibi yenu ayashike. Huyo akiyaona sufuria haiko mbali."

Hata Bibi alicheka, na kicheko kile nilikipokea kama msamaha.

Saa saba tulirudi na mayai kumi na matatu, tumechomwa jua, tumekula mahindi ya kuchoma kwenye nyumba mbili. Bibi aliyaacha yatulie kwanza, kisha jioni akaleta kipande cha mkaa, akampa Kulwa. Kulwa alichora mstari mmoja kwenye mayai sita. Dotto alichora miwili miwili kwenye sita mengine. Likabaki moja.

"Hili la nani?" Dotto aliuliza.

Bibi aliuchukua mkaa, akachora mitatu. "La mamdogo wenu. Naye arudi."

Jumanne asubuhi, udongo ulikuwa umekauka na pikipiki zilifika mpaka kwenye uzio. Watoto walikwenda kumuaga kuku kabla ya kumuaga mtu yeyote. Dotto alimuuliza bibi yake atawapigia simu lini. Bibi aliwashika vichwa wote wawili, kila mmoja kwa mkono wake, na safari hii hakusita.

Njiani kurudi Bariadi ndipo wasiwasi wangu uliponirudia. Alama ziko kwenye maganda. Vifaranga vikitoka havitakuwa na mistari. Tutajuaje cha nani ni kipi? Nililiwaza hilo mpaka mjini, nikalala nalo wiki nzima.

Nilichojifunza si kikubwa. Sasa najua kuku anayelalia hulia vipi, na kwamba mkaa kwenye yai si uchafu. Najua pia kwamba mwenyeji naye huwa amepanga, na ni vizuri mgeni aulize amepanga nini kabla ya kufungua daftari lake.

Siku ya ishirini na mbili tangu kuku awekewe mayai mapya, simu ya dada ililia wakati wa chai. Vilikuwa vimetoka tisa. Mapacha waligombea simu, kila mmoja akitaka kujua vyake ni vingapi. Nikaona wakati umefika, nikaomba niseme.

"Mama, alama si zimebaki kwenye maganda? Sasa tutajuaje?"

Upande wa pili nilisikia vifaranga vikilia nyuma ya Bibi Kabula.

"Hata mimi sijui," alisema. "Waje wachague wenyewe."

Nilipogeuka, Dotto alikuwa tayari anatafuta viatu.