Mariette Amfundisha Mtoto Kuitika

Mariette alitoka Kivu Kusini, Kongo, na mume, sufuria moja na mimba. Mume, Gervais, alikwenda kufanya biashara Kikagate, mpakani na Tanzania, mwaka 2009, na biashara hiyo haikuisha. Sufuria ipo. Mimba ilikuwa mvulana, akazaliwa Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, akaitwa Gradi, na tangu siku hiyo hakuna jirani aliyemwita tena mama yake kwa jina lake. Akawa Mama Gradi, kama ilivyo desturi ya kwao.

Gradi alikufa kwa malaria akiwa na miaka mitano. Mama yake hakwenda kumfutisha kwenye kadi ya familia. Msiwe wepesi wa kumlaumu. Jina likifutwa na mahindi ya mgao yanapungua, na mdogo wa marehemu, Néhémie, alikuwa hajaandikwa popote. Kila alipompeleka kuandikishwa aliambiwa arudi wiki ijayo, na wiki hiyo ikifika anaambiwa vilevile, mpaka akachoka. Foleni inachosha kuliko jembe, hilo muulizeni mtu yeyote wa kambi. Basi kadi ikasema ana mtoto mmoja, na kweli alikuwa na mmoja. Kasoro ilikuwa jina tu.

Desemba 2012, Appolinaire, mzee wa kanisa, alileta habari kwamba shule moja ya bweni huko Mbarara itachukua watoto wachache wa kambi bila karo. Sharti mtoto awe kwenye kadi.

"Mama Gradi, Mungu amekufungulia mulango," alisema. "Jina iko ku karatasi, mutoto iko ku nyumba. Unganisha tu."

Kuunganisha huko kulichukua wiki nane. Mariette alirudi kutoka shambani mgongo ukimuuma, akabandika maharagwe, akamketisha Néhémie mbele yake.

"Jina yako nani?"

"Néhémie."

"Hapana. Tuanze tena. Jina yako nani?"

"Gradi."

"Uko na miaka ngapi?"

"Saba."

"Kenda! Nikuambie mara ngapi?"

Miaka mtoto aliishika upesi, lakini jina lilimshinda. Ndipo mama akabuni mtihani. Mtoto akiwa anacheza na wenzake, anamwita ghafla, "Néhémie!" Akigeuka, wanaanza upya. Siku za mwanzo aligeuka kila mara, maskini. Mariette naye haikuwa rahisi kwake. Ilikuwa miaka minne sasa tangu alipoita "Gradi!" na mtu akaitika.

Siku moja wakila, mtoto akauliza, "Mama, sasa Gradi yeye ataitwa nani?"

Mariette akamwambia ale, maharagwe yanapoa.

Februari wakaenda Mbarara. Mwalimu aliyewapokea alikuwa mwanamke mwenye haraka, daftari mkononi.

"Wewe naitwa nani?"

"Gradi." Hata hakumtazama mama yake.

"Miaka?"

"Kenda."

Mwalimu akampima kwa macho kuanzia kichwani hadi miguuni. "Huyu iko kadogo sana."

"Ni chakula ya kambi, mwalimu," alisema Mariette upesi.

Mwalimu akasikitika, akaandika. Basi, imekwisha. Kwa nafuu aliyoipata, Mariette angeweza kulala palepale kwenye nyasi. Mwalimu akamshika mtoto mkono, wakaelekea mabwenini. Walikuwa wamefika katikati ya uwanja Mariette alipoona kwamba sabuni ya mtoto imebaki kwenye mfuko wake.

"Néhémie!"

Lilimtoka tu. Mwalimu hakujali, pengine alidhani anaitwa mtoto mwingine. Néhémie alisita kidogo. Kisha akaendelea kutembea, shingo ameikaza, bila kugeuka.

Mariette alisimama na sabuni yake mkononi. Mtoto alikuwa anazidi kwenda, na bila sabuni ataogea nini? Ilibidi amwite tena, kwa sauti, mbele ya watu.

"Gradi!"

Akarudi mbio, anatabasamu, akingoja kusifiwa.