Malkia wa Misri Mwenye Uso wa Mama Yangu

Siku ya kwanza kazini nilipewa ndoo, koleo na onyo. Foromani wetu, mzee mwenye nyusi nyeupe kwa vumbi, aliniambia, "Kijana, jipsam haingojei mtu. Ukishaitia maji, hata choo ikikuita, unamalizana nayo kwanza." Hiyo ilikuwa karakana ya Bondeni, hapa Nakuru, na kazi yetu ilikuwa kutengeneza vichwa vya sanamu kwa jipsam, ule unga mweupe wa plasta. Nimestaafu kazi hiyo nikiwa bado na meno yangu yote, lakini nyinyi wadogo msicheke. Sikieni vile kazi ilikuwa.

Kichwa kilichouza kushinda simba na twiga kilikuwa cha Malkia Nefertiti wa Misri. Mnamjua: shingo ndefu, kofia ya buluu bapa juu, na jicho moja tu. Kila saluni ya Nakuru ilimtaka. Foromani alinieleza kwamba kile cha ukweli Wajerumani walikichimbua Misri, zaidi ya miaka mia iliyopita, kwa karakana ya fundi kama sisi. Vitu vilipogawanywa, kikaenda Ujerumani. Wamisri wanasema walichezwa. Wajerumani wanasema makaratasi iko sawa. Na Misri ikidai kirudi, inaambiwa malkia ni dhaifu, hawezi safari.

"Dhaifu?" nikauliza. "Na huko alifika aje?"

"Koroga jipsam," Foromani akasema.

Nilipandishwa kutoka ndoo hadi msasa, halafu kwa moldi. Moldi ni lile ganda la mpira unamwaga jipsam ndani mpaka ishike. Ikichoka, malkia anatoka na pua ya bondia. Yetu ilichoka, na Mkurugenzi, yaani mwenye karakana, hivyo ndivyo alipenda kuitwa, akaniambia nichonge malkia mwingine tupate moldi mpya. Picha niliyokuwa nayo ilikuwa ya tisheti, na ilionyesha upande mmoja tu. Uso wa mbele sikuwa nao. Nikabeba udongo mpaka kwetu kijijini Dundori, nikamkalisha mama yangu kwa mtungi wa plastiki, nichonge uso wake.

"Viazi zitaoza shambani nikikukalia hapa," akasema.

"Mama, tuliza mdomo, nimefika hapo."

"Basi kichwa cha kwanza ni changu. Nakiweka sebuleni, watu wajue nilizaa fundi. Na usinitoe chongo!"

Nikampelekea Mkurugenzi hayo masharti. Akacheka. "Sawa, kijana. Akuje achukue."

Sasa, kichwa cha kwanza kinaitwa masta. Moldi zote zinazaliwa kwake, kwa hivyo mwenye masta ndiye mwenye uso. Yetu ilitoka na kofia ya Misri, mashavu ya Dundori, mikunjo ya jua, na macho mawili. Watu wakaipenda vibaya. Wakaanza kuulizia "yule malkia wa Nakuru". Akaingia kwa kalenda, kwa tisheti, kwa milango ya saluni. Mkurugenzi akafungua duka Kikopey, pale magari ya Naivasha husimama kwa nyama choma, akanihamisha huko nisimamie rangi, na watu wakingoja mbuzi aive wanapiga selfi na mama yangu. Masta ikafungiwa hapo dukani ndani ya kioo. Chini iliandikwa jina la kampuni. Langu halikuwa hapo. La mama, usiulize.

Nikamkumbusha Mkurugenzi ahadi yake kwa mama.

"Jipsam ilikuwa ya nani?" akaniuliza.

"Yako, boss."

"Na mshahara ulikuwa unalipwa na nani?"

"Na wewe. Na uso?"

Akaangalia dari. "Kijana, hiyo kitu ni dhaifu. Barabara ya Dundori ni mashimo tupu. Itapasuka."

Nikamuuliza kama alisomea Ujerumani. Tangu hapo hatukusalimiana tena.

Mama akaamua kuja mwenyewe, na nguo ya kanisa. "Nimekuja kuchukua kichwa changu," akasema mlangoni.

"Mathe, karibu sana!" Mkurugenzi akamwambia. "Lakini huyu sasa ni wa watu wote."

"Wa watu wote, na kifunguo iko kwa mfuko yako?"

Wateja wakacheka. Mkurugenzi hakucheka. Akamletea kopi, imefungwa riboni. Kopi zetu zilikuwa zinapigwa msasa mpaka mikunjo inaisha, ndivyo saluni zilitaka. Mama akaigeuza, akaiangalia vizuri, akaiweka kwa meza.

"Huyu hajawahi kulima viazi," akasema.

Akaenda kwa kioo, akanyoosha mkono kwa ule uso. Soja, yule mlinzi wa duka, akamzuia. "Mathe, usiguse."

Nilivua aproni hapo hapo. Hivyo ndivyo nilistaafu: hakuna keki, hakuna hotuba. Siku hizi napiga dari za jipsam kwa manyumba za watu. Dari haina uso, nikimaliza naondoka na silali nikiifikiria. Mkinitaka ushauri, nitawaambia hivi: mwenye nguvu akikuambia kitu chako ni dhaifu, jua ameshaamua kukaa nacho.

Mama huwa anaenda Naivasha kuona dada yangu. Gari ikifika Kikopey, yeye huangalia upande ule mwingine.