Uso Uliopakwa Rangi ya Viatu

Siku mlinzi wa makumbusho alipomwona kwa mara ya kwanza, mfagiaji mpya alikuwa mbele ya kabati la vioo, ameziba pua kwa ncha ya mtandio kama aliyefunua sufuria ya mboga iliyochacha. Ndani mlikuwa na nyuso za plasta, zilizofinyangwa zamani juu ya nyuso za watu hai. Ule wenye kovu mdomoni, mama yule alimwambia, ni wa babu yake mzaa mama. Chini ya kidevu kulikuwa na kibao: Bantu, mwanamume.

Mlinzi, mtu wa haya, alikisoma kibao. Neno lenyewe alilijua, kwa kumsikia mtembeza wageni kila siku. Lugha zetu nyingi humwita mtu kwa namna inayofanana; mtaalamu mmoja mgeni akaliokota neno hilo akalifanya jina la ukoo wa lugha. Maana yake watu, basi. Lilivyoshuka kutoka kwenye lugha hadi kwenye pua na masikio ya watu, mtembeza wageni hakueleza. Kila akifika hapo, kikohozi humshika.

Lakini kilichomtia mlinzi kinyaa hasa ni desturi ya kazi. Wageni wakubwa wakitarajiwa, mfagiaji hupewa kopo la rangi ya viatu, ya kahawia, azing'arishe nyuso zile. Mama alizipaka nyingine. Wa babu aliuruka.

Akaenda kwa mkuu wa makumbusho kuomba babu atolewe mle, au walau aandikwe jina lake. Mkuu akatabasamu, akamwambia Bantu si tusi, maana yake ni watu tu.

"Huyu wangu ana jina, mzee," alijibu. "Na hakuwa kiatu."

Akarudi na sifongo na ndoo, akamwosha babu mpaka plasta ikatoka nyeupe kama mfupa. Wageni wakamkuta bado yumo ndani ya kabati. Kibarua kikaota nyasi palepale.

Mlinzi akaamriwa amtoe nje, kisha arudi yeye mwenyewe ampake babu rangi. Walifika getini kopo la rangi likiwa mkononi mwa mlinzi. Kwa sauti ndogo akamuuliza mama alifanyie nini.

"Litupe, kaka. Mwache ashike vumbi. Vumbi halijamtukana."