Mazutu ya Kuoshwa

Mume wangu alipostaafu ofisini alitafuta kitu cha kuongoza, na kwa bahati mbaya akakiona kinu changu. Ni kinu cha mazutu, yaani dizeli, cha kusagia mahindi na mihogo, hapa Mbugangari. Aliniachia marehemu mama, na ndicho kilichosomesha watoto wetu wakati mshahara wa bwana ukiishia kwenye mashati.

Akatangaza kwamba atakipikia mazutu kwa mbegu za mbono, kile kichaka cha ua ambacho hata mbuzi hakigusi. Sikatai, alijituma. Alizunguka nyua za watu mpaka Nyakiriba akirudi na magunia, akakamua mafuta, akayapasha moto, akavaa glavu na kuchanganya alikoli na soda kali, akaacha yatulie mpaka uchafu mweusi ukajitenga chini.

Ikabaki kuosha. Mazutu hiyo huoshwa kwa maji ya vuguvugu, polepole. Maji yanatoka meupe kwa sabuni iliyozaliwa na ile soda, unamwaga, unarudia hadi yatoke safi, kisha unaiacha ikauke. Bwana huyu hajawahi kuosha hata kikombe alichonywea.

“Kuosha ni ya mama,” akasema, akavua glavu. Mchagua jembe si mkulima, lakini nani angemwambia?

Nikaosha. Kinu kikanguruma vizuri, na wageni wa kanisani wakaletwa kuonyeshwa mazutu aliyoitengeneza yeye, kwa akili zake. Mimi niliwapitishia chai.

Kisha shangazi yangu akafariki Goma, nikaenda msibani siku nne. Nyuma yangu mzee akapika pipa la pili. Maji yalikuwepo, ndoo ilikuwepo, ila nadhani cheo hakikumruhusu kuinama mbele ya wateja. Akaimimina kwenye injini hivyo hivyo.

Niliporudi nilikuta wanawake wamekaa na mabeseni yao ya mahindi, na fundi amefungua injini. Filita ilikuwa imejaa sabuni.

“Pompu imekufa, mama,” fundi aliniambia. “Na ya aina hii haiko tena.”

Kile kinu kilikuwa mama yangu na mkate wangu pamoja.

Fundi akamgeukia mzee. “Bon, papa, hii mazutu ni nani alitengeneza?”

Mume wangu alisafisha koo, akaninyooshea kidole mbele ya wanawake wote.

“Ni mama,” akasema. “Hakuosha.”