Sare ya Kanisa Katika Shamba la Viazi

Kanuni ya kwanza ambayo Mwalimu Felicitas Gacheri aliwafundisha wanafunzi wa chama cha filamu haikuhusu kamera hata kidogo. Usimwonyeshe mtu popote kabla hajakubali. Waliiandika daftarini, wakaipigia mstari, wakaisahau. Walichotaka ni kushika kamera, nayo ilikuwa moja tu kwa wanafunzi ishirini na sita.

Mwaka ule wa 2014 walikuwa wakitengeneza makala ya video ya kupeleka kwenye tamasha la shule. Mwalimu mkuu alikuwa amesema wazi kwamba wasipofika ngazi ya kaunti, kamera itarudi kabatini na alasiri za Jumatano zitakuwa za hisabati. Gacheri alikipenda chama kile kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Wakachagua kuonyesha wanawake wanaolima viazi Kibirichia, na kwa kuwa mama yake mwenyewe, Marcella, alikuwa mmoja wao, kazi ikaonekana rahisi.

Rahisi wapi. Watu wa huku ukiwaambia unakuja na kamera, wanaoga. Marcella aliwapokea akiwa na sare ya akina mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, viatu vinang'aa. Jembe lilikuwa limefichwa nyuma ya choo. Karimi, msichana aliyepewa kazi ya kuhoji, alimwuliza habari za mavuno. Akajibu kwamba anamshukuru Mungu. Akamwuliza habari za mvua, akamshukuru tena. Gacheri alipomwomba avae gambuti, yale mabuti yake ya mpira ya shambani, aliulizwa kama ndivyo alivyolelewa, kumwanika mama yake na matope mbele ya watu. Mwalimu akasalimu amri, akashuka barabarani kumtafuta dereva wa basi la shule.

Alhamisi walikaa darasani kutazama walichorekodi. Baada ya shukrani zote ikatokea sehemu ambayo Gacheri hakuijua. Karimi alikuwa ameomba viazi vichache vya kubeba, na kamera ilikuwa imeachwa juu ya gunia, bado inarekodi. Marcella, sare ameshaivua, alionekana na gauni lake la kazi, ameinama kwenye matuta, anafukua kwa mikono. Sauti ya Karimi ilimwuliza kama mgongo unauma.

"Huo uliharibika mwaka juzi, msichana wangu," Marcella alisema. "Nikilala siwezi kugeuka. Lakini usimwambie mwalimu wenu. Ataacha kazi arudi hapa kunichunga."

Gacheri aliona aibu. Kila Jumapili alikuwa akienda nyumbani, akila viazi hivyo hivyo, na hakuwa ameona kitu. Karimi alisema taratibu kwamba hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, na kwamba makala yanatakiwa Jumatatu. Wengine wakaitikia, na hawakukosea, kwani bila hiyo walikuwa na dakika nane za shukrani. Ni mama yake, nani angelalamika? Lakini alikuwa amewafundisha kuomba ruhusa kwanza, na hilo sasa lilimkera kwelikweli.

Jumamosi alipanda Kibirichia na kompyuta mkobani. Aliiweka mezani, akamwambia mama yake kwamba akikataa, sehemu hiyo itafutwa, na chama kikifa na kife. Marcella alitazama mpaka mwisho, miwani puani, kisha akaomba aonyeshwe tena.

"Kumbe ndivyo huwa nainama," alisema.

Alivua miwani, akaifuta polepole kwa upindo wa gauni. Gacheri hakuthubutu kumharakisha.

"Waache waone," akasema mwishowe. "Lakini hapo nimesema usiambiwe, toa. Watu watasema nilikuwa nakuficha."

"Na si ulikuwa unanificha, mama?"

"Nilikuwa," Marcella alisema. Kisha akanyoosha mkono ili binti yake amsaidie kuinuka kitini, jambo ambalo Gacheri hakuwahi kumwona akilifanya maishani mwake.